Msaada kwa Jamaa Waliopotewa na Nyumba

Mazungumzo ya leo yahusu jamaa waliopotewa na nyumba zao, wakawa wanalala kambini, au katika vyumba vya shule, au chini ya maturubai, na jinsi iwapasavyo wenzao kuwasaidia. Tusemapo jamaa, maana yetu ni baba na mama, watoto, na wazee wao, wote walao chungu kimoja. Huenda msikilizaji akadhani kwamba shauri hili ni la serikali tu, au ni la watu wa miji mikubwa. Sivyo. Jambo hili limepata kutokea katika Wilaya ya Mpwapwa yenyewe, na laweza kutokea tena mwaka wowote mvua zinapozidi.

Mpwapwa ni mahali palipojua maana ya kambi tangu zamani. Kabla ya kujengwa reli, misafara iliyotoka pwani kwenda Ugogo na Unyamwezi ilitua Mpwapwa, kwa sababu hapa palikuwa na maji, na mbele yake ilikuwapo nyika kavu ya Marenga Mkali. Wapagazi walishusha mizigo, wakanywa maji, wakauguza miguu, wakanunua chakula, kisha wakaendelea na safari. Hapana aliyeihesabu kambi ile kuwa ni kwake. Kambi njema ilikuwa ile iliyompa msafiri nguvu za kuondoka. Basi hilo ndilo neno letu kubwa leo: kambi ya watu wasio na nyumba haisifiwi kwa wingi wa watu iliowapokea, bali kwa jinsi inavyowapa nguvu za kutoka na kurudi katika maisha yao.

MAJI YA KINYASUNGWE

Mto Kinyasungwe hutoka upande wa Dodoma, ukapita karibu na Gulwe na Godegode, ukafuata bonde la reli mpaka Kidete, na ukiingia Kilosa huitwa Mkondoa. Mwisho maji yake huungana na Mto Wami na kumwagika katika Bahari ya Hindi. Nchi yetu ya katikati hupata mvua katika majira moja tu, tangu Desemba hivi mpaka Aprili. Miezi mingine vijito vingi huwa ni mchanga mtupu, hata mgeni huuliza: je, huu nao ni mto?

Lakini mahali miti imekatwa na majani yameliwa na mifugo mpaka udongo ukabaki wazi, mvua kubwa haizami ardhini. Hutiririka kwa nguvu, ikachukua udongo na kuujaza ndani ya mto. Mto ukijaa udongo hupoteza kina chake, na maji yakija tena hayana njia ila kupanda kingo na kuingia mashambani na katika nyumba za watu.

Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa Desemba 2009 na katika Januari 2010. Mafuriko yaliipiga Wilaya ya Mpwapwa na Wilaya ya Kilosa. Maelfu ya watu wakaacha nyumba zao. Reli iliharibiwa kati ya Gulwe na Kilosa, na safari za treni zikakatika kwa miezi. Watu wengine walipokewa na ndugu zao, na wengine wakakaa katika shule na katika mahema.

Tufikiri kidogo juu ya hasara ya jamaa moja. Nyumba ya tembe ni nyumba ya akili katika nchi ya jua na upepo. Kuta zake ni miti na udongo, na dari yake ni udongo ulioshindiliwa. Lakini maji yakisimama chini ya ukuta, udongo hulainika, na dari ile nzito huanguka. Kwa usiku mmoja watu wa nyumba ile hupoteza pa kulala, na pia ghala ya mtama na uwele, mbegu za mwaka ujao, jembe, sufuria, mbuzi, daftari za watoto, cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Kwa hiyo mtu akisema, “Tumewapa hema, basi yamekwisha,” amerudisha kitu kimoja tu kati ya vingi vilivyopotea.

KWANZA: KUHESABU WATU NA KUTOWATENGA

Kazi ya kwanza kambini ni kalamu na daftari. Kila jamaa iandikwe: majina ya watu wake, umri wao, kijiji walikotoka, nani ana mimba, nani ananyonyesha, nani mgonjwa, nani mzee au kilema, na nani hajulikani alipo. Pasipokuwa na daftari, mwenye nguvu hupata blanketi mbili na mjane hupata bure. Tena daftari ndiyo njia ya kumrudisha mtoto aliyepotea. Mtoto aliyeonekana peke yake asichukuliwe na mtu yeyote kwa huruma tu. Jina lake liandikwe, apelekwe kwa Ofisa Ustawi wa Jamii, atafutiwe wazazi wake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaipa serikali ya mahali wajibu wa kumlinda mtoto wa namna hiyo.

Nchi ya Ugogo ina sababu ya kulikumbuka jambo hili. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1917 hata 1920, iitwayo Mtunya, watu wapatao 30,000 walikufa kati ya watu 150,000 hivi wa nchi hiyo. Walio hai walitawanyika kuhemea chakula mbali, na wako waliowaweka watoto wao rehani kwa wenye nafaka. Njaa ilipokwisha, kazi ya kuwakusanya watu wa chungu kimoja ilikuwa ngumu kuliko kulima. Basi katika kambi ya leo, baba asilazwe huku na mama kule, wala watoto wasigawanywe kwa sababu nafasi ni haba. Jamaa ikikaa pamoja, kila mmoja humtunza mwenzake, na nusu ya msaada hupatikana humo humo.

PILI: NAFASI, MAJI NA VYOO

Wataalamu wa misaada wa mataifa mengi, tangu mwaka 1997, wameweka kanuni ziitwazo Sphere, zionyeshazo kiasi cha chini kimfaacho mtu aliyepatwa na maafa. Ni vizuri hata mwanafunzi azijue, kwa kuwa ni hesabu nyepesi.

Mtu mmoja yampasa kupata walau mita 3.5 za mraba za nafasi chini ya paa. Jamaa ya watu 6 yataka mita 21. Tuseme chumba cha darasa kina urefu wa mita 9 na upana wa mita 7, yaani mita 63 za mraba. Chumba hicho chawatosha jamaa 3 tu za watu sita sita. Ukiingiza jamaa 10, umeingiza kikohozi, upele na ugomvi.

Maji ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, ya kunywa, kupika na kuoga. Jamaa ile ya watu 6 yataka lita 90, ndiyo ndoo 4 na nusu za lita 20. Kisima au bomba lisiwe mbali kupita mita 500. Choo kimoja ni cha watu 20, na vyoo vya wanawake viwe vingi kuliko vya wanaume, vyenye komeo kwa ndani na taa usiku. Mambo ya taa na komeo mtu aweza kuyaona madogo, lakini binti anayeogopa kwenda chooni usiku hujizuia kula na kunywa jioni, na asiyejizuia huenda akapatwa na ubaya gizani.

Mafuriko huchanganya maji ya visima na uchafu wa vyoo. Kwa hiyo kuhara na kipindupindu huwafuata watu kambini. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Mtoto akianza kuhara, apelekwe zahanati, na huku njiani anyweshwe maji yenye chumvichumvi. Pakiti yake isipopatikana, chukua lita 1 ya maji safi, tia vijiko 6 vya chai vya sukari, visijae kupita kiasi, na nusu ya kijiko cha chai cha chumvi, ukoroge. Mnyweshe kidogo kidogo, na mama asiache kumnyonyesha. Vyandarua navyo vigawiwe mapema, maana maji yaliyotuama huzaa mbu.

TATU: SHULE

Hapa pana shauri gumu ambalo watu hupenda kulipita. Mafuriko yajapo, nyumba imara ya kijiji mara nyingi ni shule, na watu hukimbilia huko. Ni haki wapokewe. Lakini mafuriko ya nchi yetu huja Desemba na Januari, na muhula hufunguliwa Januari. Jamaa zikikaa madarasani wiki nyingi, watoto wa kijiji kizima hukosa masomo, na wenyeji waliopokea wageni kwa moyo mweupe huanza kunung'unika. Basi yafaa tangu siku ya kwanza itajwe tarehe ya kuhama darasani, na mahema au vibanda vitengenezwe mahali pengine kabla ya tarehe hiyo. Wageni waambiwe wazi, na wenyeji waambiwe wazi. Watu huvumilia shida yenye mwisho.

Watoto wa kambini nao waingie shule iliyo karibu mara moja. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari mpaka kidato cha nne katika shule za serikali hutolewa bila ada. Hata hivyo mtoto aliyepoteza daftari, kalamu na sare huona haya kuingia darasani. Mwalimu mwenye busara hatamrudisha kwa sababu ya nguo. Mtoto aliyeona nyumba yao ikianguka aweza kuwa mkimya, au mkali, au akaanza tena kukojoa usiku. Huo si utundu. Ni hofu ambayo haijatoka. Shule humponya kwa utaratibu wake: kengele, mistari, nyimbo, mchezo, na mwalimu amwitaye kwa jina lake.

NNE: KAZI NA HESHIMA

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaoitumia methali hii kumfukuza mgeni. Lakini itazame vema. Aliyepewa jembe amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Asiyepewa chochote ila sahani, siku baada ya siku, hujiona mtoto mdogo mbele ya watoto wake mwenyewe. Baba aliyekuwa na shamba na ng'ombe, sasa husimama katika mstari akingoja unga. Haya hiyo huwapeleka wengine katika ulevi, na hasira yao humwangukia mke.

Mfano wa kale upo katika nchi hii ya katikati. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, tangu 1942, maelfu ya watu wa Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Afrika ya Mashariki. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka kwao na kupelekwa katika baridi ya Urusi, kisha wakapita Iran mpaka huku. Katika Tanganyika kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000, na kambi nyingine ndogo ilikuwa Kondoa. Hawakukaa wakiangalia mlima tu. Tengeru palikuwa na shule, hospitali, mashamba na karakana, na wakaaji wenyewe ndio waliofundisha, waliouguza, waliolima na kushona. Makaburi yao yapo Tengeru hata leo.

Ni kweli kwamba watu hao walikuwa wageni wa serikali ya kikoloni, na huduma walizopata hazikuwafikia wenyeji wengi wa wakati ule. Kijiji chetu hakiwezi kuiga yote. Lakini somo lake halihitaji fedha nyingi: kambini mwenyewe mna walimu, wakunga, mafundi seremala, washonaji na wapishi. Waulizwe ujuzi wao siku ile ile ya kuandikwa majina. Kamati ya kambi iwe ya wakaaji wenyewe, wanaume kwa wanawake, na mizani ya chakula ishikwe mbele ya watu wote. Tena kabla mvua hazijaisha, wapewe jembe na mbegu za muda mfupi, kama mtama na uwele uivao upesi, ili mwaka wote usipotee.

Kwa jamaa maskini zaidi uko pia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ndio TASAF, ulioanzishwa mwaka 2000, ambao huzipa kaya maskini fedha na kazi za ajira ya muda. Mwenye daraka kijijini na aulize kama jamaa za kambini zimo katika daftari lake, maana mtu akihama kijiji kwa maafa, jina lake huweza kubaki nyuma.

TANO: NJIA YA KUTOKA

Sasa twafika kwenye jambo lisahauliwalo kuliko yote. Siku za kwanza magari huja, viongozi huja, wapiga picha huja. Mwezi wa tatu barabara huwa kimya. Huko Kilosa, miaka kadhaa baada ya mafuriko ya 2010, walikuwapo watu waliokuwa bado wakikaa katika mahema na vibanda vya muda, hali turubai imekwisha chanwa na jua. Kisha Januari 2014 maji yakaingia tena Magole na Dumila, katika wilaya hiyo hiyo, na watu wengine wakaingia kambini. Mtoto aliyezaliwa hemani aweza kuanza kusema, na kutembea, na kwenda shule, asijue mlango wa mbao ni kitu gani.

Kwa nini watu hukaa hivyo? Sababu kubwa ni ardhi. Wakirudi bondeni, maji yatawachukua tena. Wakipanda juu, ardhi ni ya wengine. Hapo ndipo kijiji kinapopimwa. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji ndiyo isimamiayo ardhi ya kijiji, na ugawaji wake hupata idhini ya Mkutano wa Kijiji. Basi viwanja vya watu waliopatwa na maji haviji kutoka mbinguni wala havitoki katika mfuko wa mgeni. Hutoka katika mkutano ule ambao wewe msomaji una haki ya kusimama na kusema.

Kila jamaa yapaswa kuulizwa mapema mambo matatu: Mnataka kwenda wapi? Mna nini mkononi? Mmepungukiwa na nini? Mmoja atasema ana kiwanja kwa mjomba wake, hana mabati. Mwingine ana nguvu za kufyatua matofali, hana kiwanja. Mjane ana kiwanja na mabati, hana wa kumjengea. Ukiwatazama wote kwa jumla, waona umati wa watu wenye shida. Ukiwauliza mmoja mmoja, waona mizigo mitatu midogo ambayo kijiji chaweza kuibeba. Nyumba mpya ijengwe juu ya mwinuko, msingi wake uwe wa mawe, na maji ya mvua yachimbiwe mfereji. Hati za kimila ziandikwe kwa jina la mke pia, ili kifo cha mume kisimrudishe mjane hemani.

KAZI YA KILA MTU

Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Na. 6 ya mwaka 2022, yaweka kamati za maafa tangu taifa, mkoa na wilaya, mpaka kata na kijiji. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Tanzania, kilichowekwa kwa sheria mwaka 1962, nacho hufundisha watu wa kujitolea huduma ya kwanza. Basi usingoje mawingu. Uliza leo: kamati ya kijiji chetu ni akina nani? Shule ikijaa, watu watalala wapi? Nani ana daftari? Nani ana turubai, na sufuria kubwa ya kupikia? Na tangu sasa panda miti na majani katika miteremko, uache mifugo isitafune kingo za mto, maana kambi nafuu kuliko zote ni ile isiyohitajiwa.

Wanafunzi nao wana kazi yao. Mtoto mgeni akiingia darasani kwenu kutoka kambini, msimwite jina la kambi. Mpeni nafasi katika dawati, mwazimeni kalamu, mwulizeni jina lake na kijiji chake. Atayasahau mengi ya mwaka ule, lakini hatamsahau aliyesogea akampa mahali pa kukaa.